Soma Karatasi Kwanza

Hotuba kwa mameneja wa matawi ya benki na makatibu wa SACCO, Mombasa

Bwana mwenyekiti, mabibi na mabwana, hamjambo.

Katibu wenu ameniandikia kuwa chai inatoka saa nne na nusu na nisithubutu kuipita. Basi naingia moja kwa moja. Nimefanya kazi ya benki miaka 27, nusu ya kwanza kwenye kaunta, nusu ya pili idara ya sheria. Leo naanza na kaunta, kwa sababu huko ndiko nilikoharibu.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi kasorobo. Bawabu ameshateremsha nusu ya mlango wa chuma, meneja ameshaondoka, mimi ndiye mkubwa mle ndani na umri wangu haujafika thelathini. Akainama chini ya chuma kijana mmoja nadhifu, shati limenyooka, bahasha ya kaki kwapani. Ndani ya bahasha mna barua yenye nembo ya ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Muhuri umekaa upande, saini ya wino wa kijani. Barua inaomba "taarifa zote za akaunti" ya mama mmoja, jina la kwanza na la baba, "tangu ilipofunguliwa hadi leo". Nambari ya akaunti haimo, wala nambari ya kesi, wala jina la mahakama yoyote.

Nikaingiza jina kwenye mfumo, wakatokea wateja watatu. Hapa Pwani mnajua wenyewe, ukimwita Fatuma Ali sokoni watageuka kumi. Nikamuuliza kijana, "Sasa ni yupi?" Akasema, "Chapa wote kaka, nitachambua mwenyewe."

Nikachapa wote. Ile printa ya utepe ilinguruma karibu dakika ishirini, na kijana akanisaidia kubana karatasi kwa stepla. Alinishukuru kwa adabu kabisa. Nami nikaenda nyumbani nikijiona nimeisaidia serikali.

Wiki tatu baadaye akaja mama mmoja, muuza samaki wa jumla, akaomba kuonana na aliyetoa karatasi zake. Stetimenti yake ilikuwa imetandazwa mezani na wakwe zake kwenye kikao cha kusuluhisha ndoa. Kila tarehe 5 ya mwezi alikuwa akitoa pesa za chama, na kupitia chama hicho alikuwa akilipia kiwanja Kilifi, kidogo kidogo, mumewe hajui. Kijana wa bahasha alikuwa rafiki wa mume. Uchunguzi haukuwapo. Barua ilikuwa imeandikwa kwa karatasi za ofisini kweli, lakini shughuli ilikuwa ya kirafiki.

Sikutoa hata senti moja ya mama yule kwenye akaunti yake. Mahesabu yalilingana jioni ile kama kawaida.

Nataka tutazame kwanza stetimenti yenyewe, maana sisi tulioizoea hatuioni tena. Chukua ya miezi mitatu ya mtu yeyote. Utajua hospitali anayokwenda, na ukiijua kliniki utakisia ugonjwa. Utajua msikiti au kanisa analochangia, chama cha siasa alichokipa pesa, mtoto anayesoma wapi na karo imechelewa wiki ngapi. Utajua kaka yake yuko Doha na huleta pesa kila mwisho wa mwezi, na kwamba mwezi wa Machi hakuleta. Utajua anapolala usiku ambao hayuko nyumbani. Mtu anaweza kukaa na jirani miaka kumi asijue hayo, sisi tunayajua kwa kubofya mara moja. Tena siku hizi hata hafiki kaunta: tangu M-Pesa ianze 2007, nauli, mkaa na maziwa vyote vimeingia kwenye orodha.

Katiba yetu ya 2010 imeliona hilo. Kifungu cha 31 kinasema mtu ana haki ya kutotakiwa kutoa habari za familia yake au mambo yake ya faragha bila ulazima, na habari hizo zisifichuliwe ovyo. Neno la kushika hapo ni "ulazima". Katiba haikusema serikali isijue kamwe. Imesema pawe na sababu, na sababu hiyo mtu aipime.

Anayepima ni nani? Katika upelelezi wa jinai, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 180, inataka afisa aende kwa jaji au hakimu, aape, aeleze kwa nini kukagua vitabu vya benki ni lazima au kunafaa kwa uchunguzi wa kosa. Hakimu akiridhika, anatoa kibali cha kuchunguza akaunti ya mtu aliyetajwa. Aliyetajwa, jamani. Kibali kinataja mtu, hakisemi "yeyote mwenye jina kama hili".

Mteja mwenyewe hayupo siku hiyo mbele ya hakimu. Anayezungumza ni upande mmoja tu. Wengine wetu tulidhani jambo hili lingebadilika. Mwaka 2015 tume ya kupambana na ufisadi, EACC, ilipata vibali vya kukagua akaunti ya wakili Tom Ojienda bila yeye kupewa notisi, naye akaenda mahakamani kulalamika. Mahakama Kuu ikakubaliana naye 2016. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye tena 2019. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikapindua: mchunguzi anayekwenda kwa njia ya kibali cha mahakama halazimiki kumjulisha mwenye akaunti kwanza. Naielewa hoja yake. Ukimpigia mtu hodi siku tatu kabla ya kukagua, utakuta pesa zimeshahama.

Lakini tazameni hali inayobaki. Mteja hajui. Hakimu amesikia upande mmoja, na asubuhi ile ana mafaili arobaini mezani. Kibali kinatoka, kinapanda pikipiki, kinafika tawini. Kati ya kibali hicho na maisha ya mteja amebaki mtu mmoja tu anayeweza kukisoma kwa utulivu, na mtu huyo ni wewe uliyekaa hapo na biskuti mkononi. Hakuna mwingine. Ndiyo maana nimekuja, na hilo ndilo neno langu la leo: isome karatasi, uifuate kama ilivyo, usiipunguze wala usiiongeze.

Wamarekani walijifunza jambo hili kwa kesi ya pombe ya magendo. Mwaka 1973, jimbo la Georgia, ghala la mtu mmoja aitwaye Miller lilishika moto, na waliokuja kuzima wakakuta mtambo wa kutengeneza pombe wa galoni 7,500. Maafisa wa serikali wakazipelekea benki zake mbili hati za kuitisha rekodi. Hati hizo karani wa mahakama alizitoa zikiwa tupu, zikajazwa kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka. Hazikupita kwa hakimu. Mabenki yakafungua filamu za kumbukumbu, yakatoa nakala, na Miller hakuambiwa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kuwa hana la kulalamikia: rekodi ni za benki, na yeye alikwisha kumpa mtu wa tatu habari zake kwa hiari. Kwa hiari! Nani hapa analipwa mshahara kwa kibuyu? Uamuzi huo uliwaudhi watu hata Bunge lao likatunga sheria mwaka 1978 inayoitaka serikali yao kuu, mara nyingi, imjulishe mteja ili apate nafasi ya kupinga kabla rekodi hazijatoka. Ina mianya mingi, lakini ipo. Sisi hatuna sheria ya jumla kama hiyo, kwa hiyo mzigo wetu kaunta ni mzito kuliko wao.

Mkisikia nasema hivi msidhani nawafundisha kuwaficha wezi. Mwaka 2018, baada ya pesa za NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa, kuchotwa, Benki Kuu ilizitoza benki 5 faini ya jumla ya shilingi milioni 392.5. Kosa halikuwa kutoa siri. Kosa lilikuwa kunyamaza: watu walitoa pesa taslimu kwa mamilioni, na ripoti zilizotakiwa kwenda kwa FRC, kituo cha serikali kinachopokea ripoti za miamala ya kushukiwa, hazikwenda ipasavyo. Sheria ya kuzuia utakatishaji fedha ya 2009 iko wazi kwamba siri ya mteja si kisingizio cha kutoripoti. Ukishuku, unaripoti, na mteja humwambii. Kumtonya ni kosa la jinai, na mimi sina huruma na keshia anayempigia simu mteja kumwambia "mzee, wanakuulizia".

Lakini ziwekeni faini hizo kwenye mizani. Kwa kunyamaza, milioni mia tatu na zaidi. Kwa kuvujisha, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka ukomo wa faini ya kiutawala: shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Nimerudia kuisoma mara tatu nikidhani nimekosea, lakini ndivyo ilivyo, ile iliyo ndogo. Mteja anaweza kudai fidia juu yake, sawa. Hata hivyo meneja yeyote mwenye akili anaona upande unaouma, naye anajifunza kutoa haraka na kutoa kingi, kwa sababu hakuna aliyewahi kufutwa kazi kwa kuipa serikali kurasa nyingi mno. Mazoea hayo ndiyo ninayotaka tuyavunje.

Turudi basi kwenye karatasi. Mimi nikipokea kibali naweka rula chini ya kila mstari. Mkinicheka chekeni, vijana wa idara yangu walicheka pia. Mstari wa kwanza: kimetoka mahakama gani, nambari gani, tarehe gani. Kisha naipigia masijala ya mahakama hiyo simu, kwa nambari tuliyo nayo sisi, si ile iliyoandikwa kwenye barua aliyokuja nayo mgeni. Mstari unaofuata: afisa gani ametajwa. Aliyesimama mbele yangu ndiye? Kitambulisho chake kinasemaje? Kisha akaunti. Kisha tarehe. Kibali kikisema kuanzia 1 Machi hadi 31 Mei, printa inaanza 1 Machi na kusimama 31 Mei. Tarehe 2 Juni kukiwa na muamala unaonukia, huo una mlango wake, unaripotiwa FRC. Hupachiki ukurasa wa ziada kwenye bahasha ili kumfurahisha afisa.

Kikisema stetimenti, unatoa stetimenti. Picha ya mteja, jina la mrithi wake na nakala za vitambulisho vya watoto havitoki, kwa sababu havikutajwa. Jina la mtu aliyemtumia pesa litaonekana kwenye ukurasa, hilo huwezi kulikwepa, lakini akaunti ya mtu huyo hufungui. Na vitabu vya asili havitoki benki. Sheria ya Ushahidi inazikubali nakala zilizothibitishwa na afisa wa benki, kwa hiyo piga muhuri, tia saini, hesabu kurasa, andika rejistani aliyezichukua na saa ngapi.

Kila karatasi inaitwa kwa jina lake pia. Kibali cha hakimu ni kitu kimoja. Notisi ya KRA, mamlaka ya kodi, ni kingine: Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, kifungu cha 59, inampa Kamishna uwezo wa kudai nyaraka kwa notisi ya maandishi bila kupita kwa hakimu. Ikija, usimwambie afisa "niletee kibali", utajiaibisha. Isome vilevile, kodi ya nani, ya mwaka upi, nyaraka zipi. Lakini mjue pia mipaka yake imekuwa ikisukumwa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuja na pendekezo la kuitoa kazi ya kukusanya kodi chini ya Sheria ya Kulinda Data. Halikufika popote, na mswada wote ukaondolewa baada ya maandamano ya Juni 25. Mwaka uliofuata likaja jingine, la kufuta kipengele kinachoizuia KRA kudai data binafsi za wateja kupitia mifumo iliyounganishwa. Wabunge wakalikataa. Litarudi, nawaambieni, kwa nguo nyingine.

Na barua ya kuomba, bila kibali, bila kifungu cha sheria? Hiyo ni ombi tu. Mtu akikuomba chumvi unaweza kumpa, chumvi ni yako. Stetimenti si yako. Mjibu kwa maandishi, kwa heshima: tumepokea barua yako, tafadhali tuletee amri au utuonyeshe kifungu kinachokupa uwezo huu, na rekodi tumezihifadhi zisifutwe. Hilo la kuhifadhi msilisahau. Linamtuliza afisa wa kweli, kwa sababu hofu yake kubwa ni ushahidi kupotea. Wa uongo haonekani tena. Kwa miaka kumi na tatu niliyokaa idara ya sheria, nimeona barua nyingi sana zikiishia hapo.

Ikiwa karatasi ni halali lakini imezidi, kama vile uchunguzi ni wa hundi moja na kibali kinataka miaka kumi, mwandikie afisa apunguze. Mara nyingi atapunguza, hata yeye hataki kubeba katoni. Akikataa, wakili wa benki arudi mahakama ileile aombe mwongozo. Si ukaidi huo, ni kazi.

Dharura nayo najua mtaniuliza. Mtoto ametekwa, pesa za kikombozi zinatoka kwenye ATM usiku huu. Sheria ya Kulinda Data inaruhusu kutumia habari kuokoa uhai wa mtu, hivyo usikae na rula yako mtoto akafa. Toa kile kidogo kinachohitajika, mashine ipi na saa ngapi, mwamshe mkubwa wako, andika ulichotoa na kwa nani, na kesho asubuhi karatasi ije. Ila nawaonya, neno "dharura" nimelisikia mara nyingi kuliko nilivyoiona.

Wenzangu wa SACCO, kwenu ni kugumu zaidi na siwezi kujifanya sijui. Tawi kubwa lina idara ya sheria Nairobi. Katibu wa SACCO Kwale ana kabati moja, kompyuta moja, na afisa aliyekuja ni mume wa binamu yake. Hatakuja hata na barua. Atasema, "Shemeji, nipigie tu picha ya skrini, karatasi nitaileta Jumatatu." Rekodi nyingi huvujia hapo, kwenye WhatsApp, na hakuna mahakama inayojua. Miaka ya 1920 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ambayo mpaka leo ndiyo mama wa siri ya benki, pamoja na hapa kwetu, na haikuhusu serikali hata kidogo. Bwana Tournier alikuwa amezidisha matumizi kwenye akaunti kwa pauni 9 na ushei. Meneja akampigia simu mwajiri wake kuulizia anwani, na katika mazungumzo akachomeka kuwa bwana huyu ana deni, tena hundi yake moja imekwenda kwa mchezesha kamari. Tournier hakuongezewa mkataba wa kazi. Hakuna aliyemlazimisha meneja yule. Alikuwa anapiga soga.

Kwa hiyo SACCO ijitengenezee kinga dhidi ya undugu. Andikeni kwenye sera kwamba ombi lolote linapokewa na mtu mmoja, mwenyekiti awe wa pili kutia saini, na simu ya mkononi hairuhusiwi kupiga picha skrini. Kisha katibu akiombwa na shemeji atakuwa na la kusema: "Ningependa, lakini mwenyekiti atanifukuza." Mpeni mtu wenu mahali pa kujificha. Na kila mkutano mkuu wa mwaka, wasomeeni wanachama idadi: maombi mangapi yamekuja, mangapi yalikuwa na amri, mangapi tumeyarudisha. Majina hapana, idadi tu.

Naona katibu ananionyesha saa. Mlango wa kantini umeshafunguliwa, harufu ya mahamri imeniwahi.

Dada mmoja aliniuliza nilipokuwa naingia, maana alishawahi kunisikia nikikisimulia kisa hiki, yule mama aliishia wapi. Hakushtaki. Alirudi baada ya siku chache kufunga akaunti, nami nikaomba nimhudumie mwenyewe. Nilimhesabia pesa zake zote mezani, noti kwa noti, akazifunga kwenye leso. Nikamwambia, mama, benki ina utaratibu wa kukupa stetimenti ya mwisho, ni bure. Akanitazama. "Baki nayo mwanangu," akasema, "wewe ndiye unayejua wa kumpa."